Msoma Maji wa Basotu

Kijijini hakuna aliyemwita kwa jina. Walisema Msoma Maji, na hata watoto waliotumwa kwake walimwita hivyo mbele ya uso wake, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa moja: kila asubuhi kushuka ziwani, kusoma namba kwenye bamba la chuma lililopigiliwa kwenye nguzo ndani ya maji, na kuiandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa mtendaji wa kijiji. Kila mwisho wa mwezi nilipiga picha kurasa za daftari lile kwa simu, nikajaza fomu, nikagonga muhuri, nikatuma ofisi ya maji. Tulifanya hivyo kwa miaka saba. Namba zile zilikuwa ushahidi pekee wa ziwa letu mbele ya serikali, na ziwa ndilo lililotuweka pale sote, wenye ng'ombe, wenye nyavu na wenye vitunguu. Nasema mapema ili msomaji ajue ninazungumzia nini. Ziwa linapungua, na mimi na yeye tuna sehemu yetu katika jambo hilo.

Ungemwona vizuri kutoka mlango wa ofisi. Alikunja suruali hadi magotini, akavua viatu na kuvishika mkononi, akaingia majini, akainama kwenye bamba. Akanyooka, akautazama Mlima Hanang, akainama tena. Mara tatu. Nilimwuliza sababu, maana mimi ni mtoto wa duka, kitu nikikipima mara moja nimekipima.

"Jicho la kwanza lina usingizi, Mtendaji," akasema. "La pili lina kiburi. La tatu ndilo la kuandika."

Chai hakunywa mpaka ameandika. Mkewe alishazoea, akawa anaipika saa anapomwona anapanda mlima kurudi, si kabla. Mama yule alikuwa mcheshi kuliko mumewe. Aliwaambia wanawake kisimani kwamba mzee wake alioa ziwa zamani, na yeye alikuja baadaye tu kama shemeji wa kusaidia kazi.

Kuogelea hakujua. Maji yakivuka goti alianza kuomba kwa Kiiraqw, polepole, bila kuona aibu. Kulikuwa na kiboko dume aliyependa kulala karibu na nguzo, na Msoma Maji alisimama ukingoni akimwambia kwa Kiswahili cha ofisini, "Naomba upishe, tunafungua." Wavuvi walimcheka mpaka wakaacha nyavu zao. Kiboko akipisha, kazi iliendelea. Asipopisha, mzee aliketi kwenye jiwe akasubiri. Siku moja alisubiri mpaka saa sita mchana, njaa imembana, na kesho yake nikamwambia kwa utani kwamba angeandika tu namba ya juzi, nani angejua? Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alikuja ofisini, nikamwamkia, akasema marahaba, akaketi.

"Wewe ni mtoto wa Mwislamu," akasema. "Siku ukisahau kuswali, unahesabu ya jana?"

Nikammiminia chai.

Salamu kwake ilikuwa sheria kabla ya sheria nyingine zote. Vijana wa mashine za kuvuta maji, wale waliotoka mbali kuja kulima vitunguu, walimpita wakisema "mambo, mzee," naye aliangalia pembeni akaendelea na safari. Mmoja aliyesema shikamoo, tena amevua kofia, aliongozwa hadi shambani kwake na kuelezwa kwa upole kwamba mashine yake imekaa mita ishirini kutoka majini badala ya sitini za sheria, na kwamba kesho itabidi ihamishwe. Kijana akaihamisha. Baadaye alinilalamikia kwamba adabu yake ndiyo iliyomponza, wenzake wasio na adabu hawajaambiwa kitu.

Hizo mita sitini alizipima mwenyewe kwa kamba ya katani yenye mafundo, na mwisho wake akapigilia vigingi. Alikuwa mjumbe wa kamati ya mazingira, na kwenye kamati wengine wote tulikuwa na ndugu wa kuwaonea haya. Yeye pia alikuwa nao, ila aliwashika wa kwake kwanza. Mkewe hakuruhusiwa kufulia ukingoni. Alichota maji kwa ndoo, akapanda nayo mpaka juu ya vigingi, akafulia huko, na povu likamwagwa kwenye nyasi. Wanawake wengine walipoona mke wa mkubwa anateseka hivyo, waliona haya kuinamia maji, nao wakaanza kupanda. Sijui kama alipanga. Mama alisema hakupanga, ni ubishi tu.

Na wafugaji vilevile. Wakati wa kiangazi kimoja Wabarbaig walileta ng'ombe wengi kutoka bondeni, wakawashusha moja kwa moja mpaka ndani ya matete. Msoma Maji alikwenda akaketi chini kwenye njia, mbele ya ng'ombe, miguu ameinyoosha. Ng'ombe wakamzunguka huku na huku, wakanywa. Hakuzuia hata mmoja. Lakini baba mwenye mifugo aliposikia kwamba mzee wa rika lake amekalishwa kwenye mavumbi, alikuja jioni na kibuyu cha maziwa, wakazungumza mpaka giza, na kuanzia hapo ng'ombe wake walipita kwenye njia moja tu iliyokubaliwa. Nilipoandika taarifa ya mgogoro nilikosa neno la kuandika kwenye sehemu ya hatua zilizochukuliwa. Nikaandika "mazungumzo."

Alikuwa na kasoro zake. Alichukia mashine za vitunguu, na alipenda vitunguu. Alivila vibichi na chumvi, na ukimkumbusha vilikotoka alisema kitunguu hakina kosa. Miaka ya nyuma yeye mwenyewe ndiye aliyeongoza kijiji kupanda mikaratusi karibu na ukingo, kwa kuwa waliambiwa miti ni mizuri. Walipokuja wengine kuwaambia kwamba mkaratusi unakunywa maji vibaya, aliikata yote kwa shoka lake, na magogo akayagawa kwa majirani, hata kijiti hakubaki nacho. Samahani hakuomba. Alikuwa mtu wa kutii akielezwa jambo na mtu mwenye fomu. Utii huo nilikuja kuufahamu vizuri baadaye.

Kauli yake ya kila siku ilikuwa kwamba ziwa linashuka. Aliisema sokoni, kanisani alikokuwa katekista, kwenye harusi. "Mnasema haba na haba hujaza kibaba," aliwaambia watu wa mashine. "Hiyo haba na haba hukimaliza pia." Aliwaonyesha mawe yaliyokuwa ndani ya maji zamani na sasa mbuzi wanayapanda. Watu walimkubalia kwa kichwa. Ni kawaida yetu kumkubalia mzee kwa kichwa.

Mkewe alifariki ghafla, kiangazi. Nilikwenda mazikoni na wenzangu wachache wa sokoni, na baada ya maziko Msoma Maji akaniita nyuma ya zizi. Kwa desturi ya wazee wa kwao, nyumba yenye msiba hujitenga. Hawachoti maji pamoja na wengine, wala hawakanyagi kwenye chemchemi au ziwa mpaka siku zao ziishe. Yeye alikuwa akizikemea mila hizo kanisani, nimemsikia kwa masikio yangu. Siku ile alitazama miguu yake.

"Nitakaa nyumbani, Mtendaji. Sisemi naamini. Ila siwezi kupeleka kifo kwenye maji ya watu."

Akanipa daftari na kalamu. "Soma mara tatu," akasema.

Miaka yote ile sikuwahi kufika kwenye nguzo. Namba nilizisoma mezani. Asubuhi iliyofuata nikashuka, viatu mkononi kama nilivyomwona akifanya, na kabla sijafika majini nikakuta shimo kwenye nyasi kavu. Limejaa mchanga na kinyesi cha mbuzi, na mawe yamepangwa kulizunguka, yale ya kukazia nguzo. Hatua kadhaa chini yake kulikuwa na shimo jingine, limepangiwa mawe vilevile. Halafu la tatu, halafu la nne. La tano ndilo lililokuwa na nguzo yenyewe, imesimama majini, bamba limesuguliwa likang'aa, na maji yamegusa karibu namba ile ile niliyokuwa nikiituma mwaka hadi mwaka.

Nikasimama pale, maji kwenye vifundo vya miguu. Kila ziwa lilipoiacha nguzo, aliing'oa na kulifuata nayo. Kwa hiyo daftari lilisema ziwa halijasogea, na muhuri wangu ulisema daftari ni sahihi. Nikaisoma namba mara tatu. Nikaiandika.

Siku zake za kujitenga zilipoisha nilimwuliza, kama mtu anayepitisha maneno, "Mzee, kumbe nguzo huwa inahama?"

"Inahama inapobidi," akasema. Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Vijana wa ofisi ya maji walioiweka walinikabidhi kwa maneno mawili. Kipimo kikae ndani ya maji siku zote, na daftari lisiwe na siku tupu. Mara zote nne mama ndiye aliyenishikia. Yeye ameikumbatia nguzo, mimi nagonga mawe. Alikuwa na nguvu yule mama. Alikuwa ananiambia, mzee gonga upesi, huyu mke mwenzangu ana baridi."

Akacheka kidogo. Mtu yule yule aliyewaambia watu kila siku kwamba ziwa linashuka ndiye aliyeandika kila siku kwamba halijashuka, na alikuwa hajawahi kuviweka viwili hivyo pamoja. Nilitakiwa kumwambia, sikumwambia. Nikitaka kujisafisha husema nilimhurumia, kwamba sikutaka kuharibu kumbukumbu ya mkewe. Ni kweli, lakini si kweli yote. Sahihi kwenye fomu ilikuwa yangu. Halafu kaka yangu mkubwa, mwenye duka la vifaa vya kilimo Katesh, alikuwa amekodi shamba kando ya ziwa, na alikuwa kwenye orodha ya walioomba kibali cha kuvuta maji. Kibali kilitegemea namba.

Kikao cha vibali kilifanyika miezi michache baadaye, kwenye darasa la shule ya msingi. Alikuja afisa wa maji, kijana mpole mwenye kompyuta mpakato, akabandika ukutani karatasi yenye mstari wa kina cha ziwa. Mstari ulikuwa umenyooka. Akasema ziwa hili ni la kupigiwa mfano, na kwamba mashine zaidi zinaweza kuruhusiwa bila madhara.

Msoma Maji akasimama. "Ziwa limeshuka," akasema. "Nimeliona kwa macho. Kila mtu hapa ameliona."

"Shikamoo mzee," akasema afisa. "Mimi sibishani na macho yako. Lakini hizi namba zimetoka wapi?"

Mzee akasogea mpaka ukutani. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, ikabidi apeleke uso karibu kabisa na karatasi. Akaufuata mstari kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimekaa meza ya mbele, nikiandika muhtasari, na kaka yangu alikuwa mstari wa tatu. Ningeweza kusema sentensi moja tu.

"Ni zangu," akasema Msoma Maji.

Akarudi kwenye dawati lake la watoto, magoti yamemjaa kifuani. Nikaandika: mjumbe mmoja alitoa maoni. Vibali vikapita. Nilitarajia nitajisikia vibaya usiku ule, lakini nilikula, nikaswali, nikalala. Hiyo ndiyo ganzi. Mtu akikuchoma sindano kwenye mguu uliolala, unaona sindano imeingia, basi.

Hakuniambia lolote kuhusu mashimo. Aliendelea kushuka kila asubuhi, ila nguzo hakuihamisha tena. Kiangazi kilichofuata maji yakaiacha, na daftari likaanza kusema: hakuna maji kwenye kipimo. Siku ya pili: hakuna maji kwenye kipimo. Mwezi mzima hivyo, kwa mwandiko ule ule mzuri. Nikatuma. Ofisi wakapiga simu kuuliza kama kipimo kimeharibika, nikajibu kwamba nitafuatilia. Sikufuatilia.

Halafu macho yakamwishia kabisa. Binti yake aliyeolewa Nangwa akaja kumchukua, na daftari akaniachia mezani bila barua. Ziwani mashine zikaongezeka. Ukikaa kwenye mlango wa ofisi huoni tena mtu aliyekunja suruali, unasikia tu injini. Mashamba yalishuka kuyafuata maji, yakavuka vigingi, na kamati haikukaa tena, maana ni nani angeanza?

Nimemwona mara ya mwisho mwaka huu, baada ya mavuno ya mahindi. Nilikuwa naelekea Katesh, nikashuka Nangwa. Sikuwa na mpango. Binti yake alinikaribisha, akanielekeza uani, ambako mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi kwa vidole, bila kuyaona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mtendaji." Sauti yangu aliijua mara moja. "Bado una muhuri?"

"Ninao kwenye mkoba."

"Na karatasi?"

"Ninayo."

"Shimo la kwanza bado lipo? Lile la juu kabisa."

Kumbe alijua nilishayaona. Nikamwambia lipo, na la pili lipo. Mengine mawili yameshalimwa.

"Nani analima hapo?"

"Kaka yangu."

"Atafika kwenye la kwanza lini?"

"Msimu ujao."

Akaweka gunzi chini, akapangusa mikono kwenye suruali. "Basi andika."

Nikaandika kama alivyosema, nikitumia ungo kama meza. Alisema yeye ndiye aliyekuwa msoma maji. Kwamba alihamisha nguzo mara nne kwenda chini kwa kudhani ndivyo alivyoagizwa. Kwamba kila namba aliisoma kwa haki, lakini nguzo haikuwa mahali pake, kwa hiyo mstari walioubandika ukutani si mstari wa ziwa. Kwamba mashimo mawili ya juu bado yana mawe yake, waje na vifaa vyao wapime kutoka hapo kabla ya msimu wa kulima, na vibali vyote vilivyotolewa kwa namba zake visimame mpaka wamepima. Hakumtaja mkewe. Hakunitaja.

Alipomaliza niliitazama karatasi. Chini palikuwa na nafasi. Nilikuwa nimeikimbia sentensi ile mwaka mzima na zaidi, na sasa niliiandika haraka bila kufikiri, kisha nikakaa nayo mapajani.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Nilipofika mwisho sikusimama. "Mtendaji wa kijiji aliyaona mashimo kabla ya kikao cha vibali, akaelewa maana yake, akanyamaza. Kaka yake alikuwa miongoni mwa waombaji."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai. Mzee akauelekeza uso kwenye ukuta wa zizi.

"Hilo sikulisema mimi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Watakufukuza kazi."

"Huenda."

"Na kwenu?"

Kwetu nilikuwa nakwenda jioni ile ile, kaka yangu alikuwa ameniandalia pilau.

"Liache libaki," akasema Msoma Maji.

Nikatoa kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba, lakini akakataa, akasema yeye alisoma. Nikamshikisha kalamu na kumwekea ncha yake kwenye mstari. Akaandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, likaanza kwenye karatasi na kuishia kwenye ungo. Halafu akaninyooshea kalamu, akiwa ameielekeza pasipo mtu, kidogo kushoto kwangu.

"Sasa wewe."

Nikaipokea, nikatia sahihi chini ya jina lake, nikagonga muhuri. Ndipo aibu iliponishika, yote kwa pamoja, mbele ya binti yake na chai, na mkono wangu ukawa hauwezi kuuachia muhuri.